Kupiga, Somo la Mama

Harufu ya wanga wa muhogo juu ya nguo ya moto hunirudisha Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, kibarazani kwa Bi Zuwena, jirani yetu aliyefua na kunyoosha kanzu za watu. Baba alikuwa kuli bandarini. Mama, kama wake wengi wa makuli wa bara, alikuja kutoka Nyanza kila mwaka baada ya mavuno, na mvua zikikaribia alirudishwa kwa treni akalime. Mimi nilibaki pwani kwa ajili ya shule, nikilelewa nusu na Bi Zuwena. Nilipokuwa na miaka tisa baba alitutia tamaa: mama akijua Kiswahili cha kumtosha kwenda sokoni peke yake, hatarudi tena shamba.

Basi nikawa mwalimu. Tulianza na kupiga, maana Bi Zuwena hakumaliza sentensi bila neno hilo. Mama alilijua kwa fimbo na ngoma tu. Sasa aliambiwa apige pasi, apige deki, apige magoti, apige foleni bombani, na apige hodi kabla ya kuingia. "Watu wa huku wana ugomvi na kila kitu," aliniambia kwa Kijaluo, akicheka. Nikamkaripia, "Sema Kiswahili!" Nilikuwa mwalimu mbaya. Akikosea nilimcheka mbele ya wenzangu. Akisema neno la kwao nilijifanya kiziwi.

"Mamako hachekwi, mwanangu," Bi Zuwena alinikemea. "Muombe radhi."

Nikamuomba, na kesho yake nikarudia yale yale.

Hata hivyo mama alijifunza. Kabla ya mvua alikuwa akienda sokoni peke yake na kurudi na samaki, akipiga soga njiani na wachuuzi. Nilijua tumeshinda. Kisha baba akaja na tiketi.

"Uliniahidi," mama alimwambia, kwa Kiswahili safi.

"Shamba halijui Kiswahili," baba akajibu.

Stesheni, Bi Zuwena alimshika mabega akamwambia, "Piga moyo konde, mwanangu." Mama hakulia. Mwaka uliofuata alituma salamu kwamba mgongo unamuuma. Baada ya hapo hakuja tena, nasi hatukumuuliza.

Kijaluo changu kilinitoka pole pole, na sikukililia. Mama alipougua, nami tayari mtu mzima, nilikwenda Nyanza. Kiswahili nacho kilikuwa kimemtoka chote. Alinishika mkono akazungumza mchana kutwa, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama mjinga. Alipolala nilimuuliza shangazi aliyekuwa akimuuguza, ambaye Kiswahili alikijua, mama amesema nini.

"Anasema umechelewa, lakini hana kinyongo nawe."

"Ni hayo tu?"

"Mengine ni ya mama na mwanawe," akasema, akatoka nje.

Mama hakuamka. Leo naishi Likoni, na watu hunisifu kwa Kiswahili changu. Ningekitoa chote, hadi neno la mwisho, nijue aliniambia nini mchana ule.