Sponji Niliyompelekea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hapendi simu. Akipiga ni kwa jambo, na salamu huzipitia mbio kama mtu anayevuka barabara. Ijumaa ile hata salamu hazikumalizika.

"Mwanangu, samaki wa mzee wanakufa."

Mimi nilikuwa Nachingwea ninakofundisha, yeye kwake Ruangwa. Mke wangu alikuwa hospitali ya misheni akimuuguza baba yake, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri na ambaye daktari angemruhusu siku yoyote. Kila mke wangu alipopiga simu nyumbani, mzee aliinyakua aulize swali lake moja: samaki wanakula? Mama akajibu wanakula. Sasa wawili walikuwa wamekufa, na waliobaki walielea juu ya maji wakihema.

"Mzee husema mimi siwezi kufuga kitu kisichopiga kelele," mama alisema. "Akiwakuta hivi, nitaficha wapi uso wangu?"

Samaki wenyewe, wa aina ninayofuga na mimi, ni wadogo kama kidole cha mwisho, na mikia yao ni kama vipande vya kitenge. Hawatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wembamba kama kope, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Chujio la tangi la samaki lina mota ndogo inayovuta maji kwa bomba, inayapitisha kwenye sponji za ndani, kisha inayarudisha yakiwa safi. Bomba halichagui. Masalia ya chakula, kinyesi, mtoto aliyezaliwa asubuhi, vyote vinavutwa. Dawa yake ni kuuvisha mdomo wa bomba sponji nyingine ya nje, iwe kama mlinzi wa getini. Maji yanapita, mtoto anabaki, uchafu unanasa hapohapo na mota hailemewi.

Nilipomweleza mzee hayo, yeye mkulima wa korosho hakungoja aagiziwe kitu kutoka Dar es Salaam. Alikwenda duka la spea, akanunua sponji mpya ya mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ile inayochuja hewa ya injini. Akaikata, akaizungushia bomba, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kwa kusimulia kwake, ilikaa vizuri kuliko yangu ya dukani.

Lakini nyumba yoyote ya korosho inajua sponji ya mashine inavyotunzwa. Ikijaa vumbi na salfa unaifua kwa sabuni mpaka irudie rangi yake, unaianika, ikikauka unairudisha. Usipofanya hivyo mashine inakufia shambani katikati ya msimu. Mama amezifua sponji hizo miaka mingi. Kwa hiyo alipoona maji ya chujio yanatoka kwa kusuasua, akatazama, akakuta sponji ya nje imefanya ute wa kahawia. Kazi aliyoijua hiyo. Akaifua kwa sabuni ya mche. Na kwa kuwa alitaka mzee akute mambo mazuri zaidi, akafungua chujio na kufua sponji za ndani pia, akazianika zote juani.

"Zilitakata," aliniambia. "Ungeweza kuzilalia."

Nilimwambia kwamba jambo la kwanza aliliona sawasawa: sponji ilikuwa imeziba, na maji yakipungua nguvu ndiyo dalili yake. Ila ule ute ndio wenye kazi. Ndani yake wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaokula sumu itokayo kwenye mikojo na vinyesi vya samaki. Sabuni na jua viliwamaliza, na sumu ikabaki majini bila mlaji. Jambo hilo linarekebishika, nikamwambia. Asiwape chakula. Achote theluthi ya maji, aongeze ya kisima yaliyokwisha kutulia ndooni. Kesho ningefika.

Tangi langu mwenyewe lina sponji mbili za nje. Asubuhi nilichomoa moja, ya kahawia iliyokolea, nikaitia kwenye kopo la siagi pamoja na maji ya tangi hilohilo. Sikuikamua, na kifuniko sikukikaza, maana vijidudu nao wanahitaji hewa. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka stendi aliliona kopo nimelikumbatia.

"Supu hiyo, mwalimu?"

"Sponji chafu. Nampelekea mama mkwe."

Akapunguza mwendo ili ageuke anitazame. "Mahari ulimaliza kweli wewe?"

Mama alinipokea Ruangwa kwa macho mekundu na kiti kilichokwisha kuwekwa sebuleni, karibu na pazia la chumbani. Nyuma ya pazia hilo ndipo tangi lilipo, kwa sababu mzee hulala vizuri akisikia maji yanabubujika. Na kwetu mkwe haingii chumba cha wakwe zake. Mama hakunikaribisha ndani, wala mimi sikuomba. Nilimpa kopo kwa mikono miwili, akaingia nalo, pazia likashuka. Ikawa yeye macho na mikono, mimi mdomo tu.

"Zima umeme kwanza, mama."

"Nimezima."

"Itoe sponji ya mzee kwenye bomba. Ina harufu ya sabuni?"

Nikamsikia akiinusa. "Inanukia vizuri."

"Basi hiyo iweke pembeni. Zile za ndani zisuuze kwa maji matupu mpaka povu na harufu viishe, uzirudishe."

Nilisikia maji beseni baada ya beseni. Kisha nikasikia kifuniko cha kopo.

"Mh! Mkwe!"

"Ndiyo, mama."

"Nyumbani kwenu ndivyo mnavyokaa?"

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe, mama. Ivishe kwenye bomba kama ilivyo."

"Niisuuze kidogo tu?"

"Hapana, mama."

"Ncha tu."

"Hata ncha."

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumkatalia mama mkwe jambo lolote, na siku hiyo nilimkatalia mfululizo, tena kwa kupitia pazia. Alifunga mpira huku akiguna. Akawasha.

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka. Mwanzoni yalikuwa kama kitoto kinakojoa, sasa yana nguvu."

Jioni alibadilisha tena sehemu ya maji, samaki wakiwa bado juu. Nililala kwa mwalimu mwenzangu pale mjini, na asubuhi niliporudi sikuthubutu kuuliza. Mama aliingia chumbani. Nikasimama karibu na pazia.

"Wameshuka," alisema.

"Wote?"

"Wote. Kuna mmoja yuko nyuma ya jani. Na kuna mshenzi mmoja anamfukuza mwenzake."

"Wakifukuzana wana afya, mama."

Alitoka, akaketi mkekani, akajifuta uso kwa ncha ya khanga huku akicheka. Tukanywa chai. Nikamfundisha yaliyobaki: nguvu ya maji ikipungua, ichomoe sponji ya nje peke yake, ikamue taratibu kwenye beseni lenye maji yaliyochotwa kwenye tangi lenyewe, uirudishe mbichi. Za ndani usiziguse siku hiyohiyo.

"Yaani niache kabla haijatakata."

"Ndiyo."

"Itaniuma."

"Itakuuma, mama, lakini utazoea."

Siku chache baadaye mzee aliruhusiwa, nami nikaenda kumpokea. Alishuka garini ameshika tumbo, akatusalimu, akapitiliza chumbani. Pazia likashuka. Mama alisimama na sinia mkononi, mke wangu akanitazama.

"We mama!"

"Abee."

"Sponji yangu iko wapi?"

"Ilichafuka."

"Ukaifua?"

Mama alilitazama sinia. "Nikaifua."

Kikasikika kicheko, kisha, "Aah! Mshono! Mtaniua, mshono!" Mke wangu akakimbilia ndani. Mzee alikuwa bado anacheka na kulalamika kwa pamoja. "Na hii iliyopo ya nani?"

"Ya mkweo. Aliniletea zawadi."

"Chafu hasa," mzee akasema, na kwa sauti yake ungedhani anasifia kitambaa cha suti. "Angalia watoto walivyojaa. Wanakula humohumo."

Mama akaweka sinia mezani.

Samaki wale sijawaona kwa macho mpaka leo, ingawa nawajua kwa tabia zao wote. Mama hunipigia mara kwa mara.

"Leo nimeikamua. Nimeiacha ingali ya kahawia."

"Vizuri sana, mama."

"Imeniuma," husema, na kukata simu.