Mama Kiini na Sahani Iliyorudi Imejaa

Jua halijachungulia, lakini kikaango kimeshapata moto. Mwanamke aliyejifunga aproni ya bluu anapasua yai kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa bakuli, analinusa, analimimina, anachukua jingine. Nyuma ya kibanda chake malori yamepanga foleni yakingoja mizani ya kupimia mizigo ifunguliwe. Mbele yake madereva na wapakiaji wamepanga foleni wakimngoja yeye.

"Mama yako alikuwa anakaangaje?" anamuuliza dereva mmoja mgeni.

"Mimi nataka mayai tu, mama."

"Mayai tu hapa hakuna. Sema, wenzako wanangoja."

Dereva anakuna kichwa, anaona aibu kidogo, kisha anasema. Mama yake alikuwa anachemsha viazi, anavikata vinene, anavimwagia mayai juu na kufunika mpaka vyote vinashikana.

"Wa milimani huyo," anasema mwanamke, na mkono wake umeshafika kwenye sufuria ya viazi.

Hapa mizani wanamwita Mama Kiini. Jina la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Wapakiaji ndio waliompachika hilo, kwa sababu ukimwambia unataka kiini kizima, hata lori lipige honi sikioni mwake, kiini hakipasuki.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na moja. Kwa siku njema anamaliza trei sita za mayai, na kinachobaki baada ya gesi, mkate na kodi ya kibanda kinatosha ada ya watoto wawili na mboga ya nyumbani. Mvua ikinyesha barabara ikafungwa, trei moja tu inamshinda.

Alianza vibaya, mwenyewe hafichi. Siku ya kwanza alikaanga mayai membamba, ya kukunja, kama alivyofundishwa kwao. Dereva mmoja aliinua sahani, akaiangalia kwa upande, akasema, "Dada, hili ni yai au ni shuka?"

"Nilichukia, nikataka kumrushia mwiko," anakumbuka Mama Kiini. "Halafu nikamwambia, haya, wewe mjuaji, kwenu wanakaangaje? Bwana wee! Alizungumza mpaka chai ikapoa. Nikaona mtu huyu hana njaa ya yai. Ana hamu ya nyumbani."

Tangu hapo anauliza. Watu wa ziwani wanataka mayai ya kuvuruga yenye nyanya nyingi, mchuzi mchuzi, wachovye mkate. Wa nyikani hawataki kuona nyanya wala kitunguu: samli, chumvi, basi. Wa kusini wanachanganya na mboga za majani na pilipili ya kukutoa machozi. Waliozaliwa mjini wanataka yai zima lisilogeuzwa, na wenzao wanawacheka kwamba wanakula yai bichi kama nyoka.

Ubishi haukosekani. "Nyanya kwenye yai ni uchafu," anasema dereva wa nyikani mwenye ndevu za mvi. "Na wewe yai lako kavu kama ngozi ya kiatu," anajibiwa kutoka mwisho wa benchi. Mama Kiini anawaacha wachokozane. Anasema mtu aliyeendesha usiku kucha akipata cha kubishia asubuhi, roho inamtulia.

Lakini miezi michache iliyopita yeye mwenyewe roho haikutulia hata kidogo.

Mama mkwe wake, mjane aliyekuwa anaishi peke yake kijijini, alianguka akavunjika mguu. Mumewe Mama Kiini, fundi wa breki hapo hapo mizani, alimleta mamake mjini akae nao. Mama Kiini alifurahi kwelikweli. Huyu ndiye mama aliyempokea alipoolewa bila chochote, akamtetea kwa mawifi wakati wengine wanamtazama juu mpaka chini.

Akampa chumba chenye dirisha. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kazini, alimpelekea sahani kitandani: mayai moto, mkate, chai. Jirani mmoja alikuwa anashinda naye mchana.

Sahani ikawa inarudi imejaa.

"Anaonja vijiko viwili, ananiambia, 'Tamu sana, mwanangu, Mungu akubariki,' halafu anaisukuma," anasema Mama Kiini. "Angenitukana ingekuwa afadhali. Ningejua pa kuanzia."

Mchana hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo. Mashavu ya bibi yakaingia ndani. Nguo zikawa zinamvaa yeye. Muuguzi wa zahanati alimpima, akakuta mguu unaunga vizuri na ugonjwa mwingine hana, ila uzito unashuka. Akasema bila kuzunguka: ukiendelea kushuka hivi, tutamlaza wodini tumlishe kwa mpira.

Mama Kiini alimrudisha nyumbani siku ile ile. "Umri ule, mpira puani, wodini peke yake. Niliogopa. Nilijua akiingia, hatutarudi naye."

Na mawifi nao simu haziishi. "Unawalisha wenye malori, mama yetu anakonda," mmoja alimwambia. Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu.

Akafanya anachokijua. Alimuuliza mumewe: mama yako alikuwa anakaangaje? Fundi akajibu haraka kama mtu aliyelingoja swali maisha yake yote: vitunguu vingi, moto mkali, mpaka kingo zinakuwa za kahawia na kulia kroo kroo mdomoni. Mama Kiini akakaanga hivyo. Fundi alipoonja, machozi yalimlengalenga. Bibi akasema tamu sana, akaisukuma.

Akamfuata yule dereva wa ndevu za mvi, kwa kuwa mama mkwe, pamoja na vitunguu vyake, ni mtu wa nyikani vilevile. Dereva akamletea samli ya huko huko, kopo zima. Nayo bibi akaisifu, na sahani ikarudi.

"Nilikaa jikoni nikashika tama," anasema. "Nikajiuliza, hivi mimi ni mpishi wa nini?"

Kisha jirani anayeshinda na bibi akapata msiba, akasafiri. Hakukuwa na mtu wa kumwachia. Mama Kiini akakodi teksi, akampakia mama mkwe na mkongojo wake, akamkalisha kwenye kiti nyuma ya jiko, akamfunika mabega.

Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu na maji yakamwishia. Alikuwa na mayai ya wapakiaji motoni, akapunguza gesi, akachukua ndoo akakimbilia bombani. Bombani nako foleni. Huku nyuma moshi ukaanza, watu wakapiga kelele, "Mama Kiini, yanaungua!"

Aliporudi, ndoo kichwani, alimkuta mama mkwe amesimama. Mkongojo uko kwapani, mwiko uko mkononi. Mayai ameshayageuza, ameshayapakua, na mpakiaji mmoja mwenye mwili wa kubeba magunia anaambiwa asogeze sahani karibu, mbona anaogopa.

Mayai yakaisha, bibi akabaki na kikaango. Akachukua kipande cha mkate, akaanza kukwangua yale mabaki ya kahawia yaliyogandia pembeni. Akala. Akakwangua tena, akala, akitazama malori. Alimaliza kipande, akachukua kingine.

"Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia," anasema Mama Kiini. "Nilisimama na ndoo yangu, maji yananimwagikia, sithubutu hata kuitua, nisije nikamshtua akaacha."

Baadaye, watu walipopungua, alichuchumaa mbele yake. "Mama, kumbe ndivyo unavyopenda?"

Bibi alicheka kidogo. "Mwanangu, wewe unaniuliza ninavyopenda. Kabla yako, mimi tangu nizaliwe sijakaangiwa yai. Hayo ya vitunguu nilikuwa nawapikia watoto. Ya samli yalikuwa ya baba yao. Mimi nilikuwa nakula kinachobaki kikaangoni, nimesimama, huku nikiangalia nani hajashiba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe unanipikia kwa moyo? Ila ukiniletea sahani pale kitandani, chakula kinagoma kooni. Kwetu aliyepelekewa sahani kitandani ni mtu wa kuagwa. Nikawa nasema, basi, mimi kazi yangu imekwisha, wanangoja nimalizie."

Mama Kiini alilia pale pale, mbele ya wateja, wala hakujali. Alikuwa ameuliza mumewe, ameuliza dereva, ameuliza nchi nzima. Mwenyewe mgonjwa hakumuuliza. "Nilimpikia kama mtoto wa mtu," anasema. "Nikasahau kwamba yeye ndiye yule mama mkaangaji ninayewauliza watu habari zake kila siku."

Kesho yake hakupeleka sahani. Aliingia chumbani na aproni ya pili, akasema, "Mama, vaa. Tumechelewa."

Sasa bibi yuko mizani kila asubuhi. Mguu umepona nusu, domo limepona lote. Anasimamia kikaango kimoja, cha watu wa nyikani, na anamgombeza Mama Kiini kuhusu chumvi mbele za watu. Madereva wanamwita Mkaguzi. Anaonja hapa, anakwangua pale, na ikifika saa nne ameshakula mkate mzima bila kujua. Muuguzi alipompima mara ya mwisho, uzito ulikuwa umepanda, na habari za mpira hazikutajwa tena. Mawifi wamehamia kwenye kulalamika kwamba mama hapokei simu asubuhi.

Fundi naye ameanza kuunda jiko fupi, la mtu kupikia ameketi, kwa vyuma vya lori bovu. Mpango wa familia ni kukodi kibanda cha jirani mwaka ujao, kitakapoachwa na muuza matairi, wapate vikaango vinne na paa lisilovuja.

Mama Kiini anaueleza mpango huo akiwa amesimama, huku akichopoa kipande cha yai kilichobaki kikaangoni, anakitupa mdomoni, anafuta mkono kwenye aproni.

"Wewe," mama mkwe anaita. "Umekula nini tangu asubuhi?"

"Nimekula, mama."

"Huli. Unadokoa. Nimekuangalia wiki nzima."

Bibi anapasua mayai mawili. Hamuulizi lolote. Anapunguza moto, anafunika, anangoja, anapakua kwenye sahani nzuri ile ya wageni, na anaigonga meza kwa mwiko. Foleni ina watu wanane na lori la kwanza limeshaanza kunguruma.

"Mama, wateja..."

"Wateja wana miguu, watasimama. Kaa chini, mwanangu."

Mama Kiini anavuta kiti. Anatazama sahani kwa muda, hajui aanzie upande gani, kisha anaanza kula taratibu, na mama mkwe wake anageukia foleni na kuuliza nani anafuata.