Faini ya Kutomzika Baba Mdogo

Nakonde, ukishavuka tu Tunduma na kuingia Zambia, askari mmoja aliizunguka baiskeli yangu mara mbili, akabonyezabonyeza mikoba niliyofunga nyuma, akaniuliza mzigo ni wa nani. Nikamwambia ni wangu: nguo, hema, jiko dogo, mfuko wa kulalia. Akatazama barabara niliyotokea. "Na mzungu wako yuko wapi?"

Hakuwa na ubaya. Kwake mtu mweusi mwenye baiskeli iliyosheheni mikoba lazima awe anampelekea mwenyewe, na akiwa mwanamke basi kuna na mume mahali fulani anamsubiri. Zimbabwe niliulizwa hivyohivyo. Afrika Kusini nikaulizwa na watu wa kila rangi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nina duka langu Moshi mjini, nakodisha makoti na mabuti kwa wanaopanda mlima, na sijawahi kubeba mzigo wa mtu. Swali lile lilinichosha kuliko milima yote niliyopanda.

Biashara yangu ni ya msimu. Masika yakianza wageni wanakatika, makoti yananing'inia dukani kuanzia dari mpaka sakafuni, na mimi nakaa katikati yake na kikombe cha chai nikisikiliza mvua. Miaka mingi nimewavisha watu waliotoka mbali kuja kuonja baridi ya kwetu. Masika ya mwaka mmoja nikasema, haya makoti safari hii nitayavaa mimi. Duka nikamwachia mdogo wangu wa kike, nikapanga kuendesha mpaka Lesotho, nifike kule majira ya baridi yao, nikaone milima ya wenzetu ikoje.

Kwetu ni Mwika, juu karibu na msitu, na habari kule hazihitaji simu. Kabla sijajaza upepo kwenye matairi, ukoo mzima ulikuwa umeshanijadili. Ana ugomvi na nani? Amerogwa? Anakimbia nini? Shangazi alinitumia salamu kwamba mtembezi hula miguu yake. Binamu yangu mmoja akasema nikipatwa na jambo huko nisimpigie, maana msiba wa kujitakia hauna kilio. Lakini mzungu akishuka Moshi na baiskeli kutoka huko anakojua mwenyewe, hao hao wanasimama naye barabarani kupiga picha, na hakuna anayemuuliza shida gani imemtoa kwao.

Aliyenielewa ni mmoja tu, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu. Ndiye aliyenifundisha baiskeli nikiwa msichana, kwenye ile yake nyeusi aliyosombea ndizi za sokoni, wakati majirani wakimwambia ananiharibu na sitazaa. Nilipokwenda kumuaga alikuwa kitandani, amekonda, anavuta pumzi kwa kazi. Mama yangu alikuwa amekaa miguuni pake na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, akimbembeleza anywe vijiko viwili vitatu.

Niliketi, nikamshika baba mdogo mkono. Nikamwambia naona niahirishe.

"Uahirishe ili iweje?" akasema. "Uje unitazame nikifa? Nenda. Na ukisikia nimekufa usirudi. Mimi sitakuwepo, utakuja kumwona nani? Maliza safari yako, halafu uje unisimulie kaburini."

Mama alikoroga mtori. Nikaondoka.

Sasa nizungumzie baridi. Watu wa Moshi wanaamini kwamba sisi wa mlimani tunaijua. Uongo mtupu. Baridi ya kwetu ni ukungu wa Julai: unavaa sweta, unasogea jikoni, unanung'unika, mchana jua linatoka yameisha. Kule juu Lesotho maji yaliganda ndani ya chupa nikiwa naendesha. Waya za breki zilikakamaa, nikashuka mteremko mzima nikiburuza kiatu. Vidole vilikataa kazi, zipu nikaifungua kwa meno. Koti nililovaa ni lile zuri kuliko yote dukani, ambalo wateja hugombania, na upepo wa kule ulipita ndani yake bila kubisha hodi. Nilimtukana fundi aliyelishona, nikautukana mlima wa Lesotho na ule wa kwetu. Ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sitakubali mtu aniambie haikuwa na maana.

Jioni moja nilifika kwenye kijiji cha nyumba za mawe nikiwa siwezi tena kuongea vizuri. Mama mmoja wa makamo, amejifunga blanketi zito la sufu, alinikuta nimesimama nje ya uzio wake, akaniingiza ndani na baiskeli yangu. Alikuwa anakoka moto wa samadi kavu ya ng'ombe. Hakuuliza nimetumwa na nani. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga aliniuliza kama nimekula. Akanipa ugali na mboga za majani, nikala nikilia machozi ya moshi na ya shukrani pamoja.

Asubuhi yake simu ilipata mtandao, na ujumbe wa grupu la ukoo ukaingia wote kwa mkupuo. Baba mdogo alikuwa amefariki. Kamati ya mazishi ilishaundwa, na chini yake kuna ujumbe kwangu kutoka kwa baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu: popote ulipo, rudi.

Kutoka pale mpaka Mwika ni safari ya mabasi siku nyingi, na nauli ya ndege sikuwa nayo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya umbali. Hata kama ningeweza kuwahi nisingerudi, kwa sababu mwenyewe alinikataza, na neno la mtu anayekufa lina uzito kuliko la kamati. Niliandika hivyo kwenye grupu.

Yule mama nilimwambia baba yangu amefariki. Sikuona haja ya kusema ni mdogo; kwetu baba ni baba. Alivua blanketi lake akanifunika, akakaa kando yangu kwenye moto mpaka nilipoinuka mwenyewe. Halafu nikapanda mlima uliokuwa mbele yangu. Sehemu kubwa nilisukuma, barabara ilikuwa na barafu, na nililia kwa sauti maana hakukuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze. Kule juu niliuvunja udongo kwa kisigino, maana ulikuwa mgumu kama tofali, nikauchota kwa mkono mtupu, nikautupia bondeni nikilitaja jina la baba mdogo. Kaburini ningefanya hivyohivyo. Nikamwambia nimefika.

Mazishi niliyaona kwenye simu, siku kadhaa baadaye. Yalichelewa, na sababu ya kuchelewa ndiyo inayonichoma mpaka leo. Walikuwa wanamsubiri binamu yetu anayeishi Ulaya. Maiti ilikaa mochwari, turubai zikakodiwa zaidi, wapishi wakalala pale pale, wote wanamsubiri yeye. Mwishowe hakuja. Alituma video, amevaa suti, nyuma yake maghorofa ya vioo, anasema kazi imembana. Wakaionyesha kwenye skrini mbele ya jeneza na watu wakapiga makofi. Mimi pia nilikuwa ugenini. Mimi nilikuwa karibu kuliko yeye. Lakini wa Ulaya yuko kazini, na wa baiskeli anatembeatembea tu.

Niliporudi, baiskeli ikiwa kwenye buti la basi, sikupewa hata nafasi ya kwenda kaburini kwanza. Niliitwa kikao nyumbani kwa baba mkubwa. Makochi yalikuwa yametandikwa vitambaa vya kufuma, chupa za chai mezani, wazee upande mmoja, shangazi upande mwingine. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ana miaka themanini na zaidi, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Niliwaamkia wote. Shikamoo yangu iliitikiwa nusunusu.

Baba mkubwa alisema kaburini familia ziliitwa moja moja kuweka udongo, na ilipofika zamu ya watoto wa nyumba yetu pakaonekana pengo, wageni wakaliona. Nikasema niliweka udongo. Nikaeleza wapi. Shangazi mmoja akacheka kwa pua. "Udongo wa Lesotho," akasema, "unamfikiaje mtu wa Mwika?"

"Na ile video ilimfikiaje?" nikamuuliza.

Hapo nikaambiwa sina adabu. Huenda sina. Hukumu ikatolewa: nitoe mbuzi dume na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, niwaombe wazee radhi mbele ya watu. Nisipofanya hivyo, hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga nyumbani kwetu, iwe harusi, iwe msiba. Baba mkubwa alilitamka neno la mwisho taratibu, na macho ya wote yakaenda kwenye kile kigoda karibu na mlango. Hawakuwa wananitisha mimi. Kwetu asiyezika hazikwi, na walijua vizuri ni nani anayefuata kuzikwa kwenye nyumba ile.

Nikasema marehemu mwenyewe alinikataza kurudi.

"Nani alisikia?" akauliza baba mkubwa.

"Mama alikuwepo. Alikuwa anamlisha."

Wote wakamgeukia. Mama aliangalia mikono yake, akakunja pindo la kitenge, akalikunjua.

"Masikio yangu siku hizi hayasikii vizuri," akasema.

Mama yangu anasikia parachichi likidondoka kwenye kihamba cha jirani, ng'ambo ya migomba. Anasikia ng'ombe akibadilisha mguu zizini. Nilimtazama mpaka nikaona aibu kumtazama, nikaaga, nikamshika mkono tukatoka.

Njia ya kurudi kwetu inapita katikati ya migomba, ni nyembamba, inabidi mtu amtangulize mwenzake. Nilimtanguliza yeye.

"Mama, ulisikia."

"Nilisikia," akasema bila kugeuka. "Nilisikia kila neno."

"Sasa kwa nini unaniacha naonekana mwongo? Neno moja tu lingetosha."

Alisimama, akashika mgomba ili avute pumzi. Hakuwa na hasira, wala hakuonekana kujuta.

"Wewe una baiskeli, mwanangu," akasema. "Wakikukataa, unapanda unaondoka. Mimi siku hiyo nitakuwa nimelala, na wa kuninyanyua ni hao hao."

Nilisubiri pumzi imrudie, tukaendelea na njia.

Mbegu ya hasira ilikuwa bado kifuani, lakini nilinunua mbuzi. Dume, mwenye afya, kama walivyotaka. Mbege aliipika mama mwenyewe, alikoroga ulezi na ndizi kwa mikono yake na kukataa nimsaidie. Siku yenyewe nilisimama mbele ya watu nikayasema maneno yote niliyotakiwa kuyasema, moja baada ya jingine. Wazee wakaitikia. Mbuzi akachinjwa, kibuyu kikazunguka, vicheko vikarudi.

Wakati nyama inakatwa, baba mkubwa alimsifu mama kwa kunilea vizuri. Mama akainama, akamshukuru.