Bi Fagio na Jiwe Lisilosuguliwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye gambuti za kijani amepiga magoti juu ya jiwe bapa kando ya kijito, pua yake karibu iguse kirundo cha kinyesi. Ananusa. Anakohoa. Kisha uso unamchanua kama aliyeletewa habari za mjukuu.

"Samaki," anasema. "Samaki na kaa. Hiki si cha mbwa, naapa."

Wifi yake, mkata tiketi wa langoni, amesimama hatua nne nyuma, leso puani. "Wifi, uliniamsha kuja kuona choo?"

"Choo hiki ndicho kitakachouokoa msitu. Sogea uone magamba."

Huyu mwenye gambuti, msituni humu wote humwita Bi Fagio. Kwa miaka tisa ametunza njia za hifadhi hii ndogo iliyo pembezoni mwa mji: kilomita nne na nusu za kutembea kwa miguu, vidaraja viwili vya magogo, na ngazi mia mbili na kumi na moja za udongo alizozichonga mwenyewe kwa jembe. Hufyeka, huziba makorongo baada ya mvua, huongoza wageni na kuwaonyesha kima, hondohondo na kenge.

Kabla ya hapo alifagia wodi za hospitali miaka kumi na miwili. "Kule nilifunzwa jambo moja," anasema. "Uchafu ukiuona, ni wako. Usimtafute mwenyewe."

Funzo hilo nusura limtokee puani.

Juu kabisa ya njia, kwenye jiwe hili, kila asubuhi palikuwa na kinyesi. Wanafunzi waliokuja kutembea walibana pua na kucheka. Mwalimu wao akalalamika. Bi Fagio aliona aibu kama aliyefumaniwa na wageni nyumba haijadekiwa. Kesho yake alipanda na ndoo na brashi. Akasugua. Akasugua kila asubuhi kwa miaka miwili.

Hakujua kwamba jiwe lile lilikuwa la fisi maji, mnyama mrefu wa manyoya ya kahawia anayewinda samaki na kaa, na ambaye ni nadra kuonekana. Huacha kinyesi mahali pale pale kuwaambia wenzake kwamba hapa pana wenyewe. Wanaomhesabu hawamtafuti yeye, wanatafuta alichoacha.

Mkaguzi wa wanyama alipopita mwaka huu, alitembea siku tatu na kuandika sifuri. Na sifuri hiyo ilikuwa na wateja. Wachimba kokoto walikwisha kuomba kipande cha juu cha msitu, na kamati ya hifadhi ilisema wazi: kama hakuna fisi maji, hakuna sababu ya kuwanyima.

Siku ya kuondoka, mkaguzi alisimama langoni kunywa maji. "Dada," aliuliza, "hujawahi kuona kinyesi chenye magamba ya samaki huko juu?"

"Tele! Nakisugua kila siku."

Mkaguzi alishusha kikombe. "Unakisugua?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Bi Fagio. "Ushahidi wote niliufuta kwa mkono wangu, tena kwa sabuni."

Lakini hakukaa kulia. Siku hiyo hiyo alimfuata mwenyekiti wa kamati na kuomba hesabu irudiwe. "Nilimwambia, kosa ni langu, si la mnyama. Usimhukumu yeye." Akapewa siku sitini.

Brashi alimkabidhi wifi yake, ambaye aliifungia kwenye sanduku la tiketi. Kila jioni Bi Fagio alitandaza mchanga laini ukingoni mwa kijito na kuusawazisha kwa kiganja. Kila asubuhi akausoma. Kanga. Kenge. Nyayo za mbwa mzururaji. Siku arobaini, na fisi maji hakutia mguu; pengine sabuni ya miaka miwili ilikuwa imemchosha.

Nyumbani mumewe hakumwacha apumue. "Zamani ulikikimbiza kinyesi, leo unakililia. Mke wangu, amua moja!"

"Nicheke tu," alimjibu. "Siku akirudi, wewe ndiye utakayepanda ngazi zote ukamwombe radhi."

Leo ni siku ya hamsini na nne. Saa tatu mkaguzi, aliyepigiwa simu asubuhi ile, anafika akihema. Ngazi mia mbili na kumi na moja si mchezo. Anachokoa kirundo kwa kijiti. Magamba yanametameta. Anainamia mchanga: nyayo mbichi, vidole vitano vilivyotawanyika, zinatoka majini na kurudi majini. Anapima, anapiga picha, anafungua daftari.

"Mmoja," anasema akiandika.

"Mmoja tu?"

"Mmoja si sifuri, dada. Kwa huyu, kipande hiki hakitolewi. Mwakani narudi kuhesabu tena."

Wifi anaondoa leso puani kwa mara ya kwanza na kupiga kigelegele hadi hondohondo wanaruka mitini. Bi Fagio anageuka, anajifuta macho kwa kiwiko.

Mwakani anataka mkaguzi aandike namba kubwa zaidi. Amepanga kupindisha njia ipite mbali kidogo na jiwe, na kuweka kibao atakachokiandika mwenyewe. Wanafunzi anataka warudi, na yule mwalimu wao pia. "Safari hii hawabani pua," anasema. "Watanusa mmoja mmoja, kwa foleni, na mwalimu atangulie."

Mkaguzi akishashuka, Bi Fagio anauchukua ufagio wake wa vijiti, maana kazi ya siku haijaanza. Anaanzia darajani, anasukuma majani pembeni, vumbi likimfuata. Hatua ishirini kabla ya jiwe, anasimama. Anauweka ufagio begani, analipita jiwe polepole bila kuligusa, anahesabu hatua ishirini nyingine, kisha anaushusha na kuendelea kufagia.