Mkono wa Asubuhi

Wizarani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Tabasamu, kwa kuwa alikuwa mpiga picha, na amri yake kwa mawaziri ilikuwa moja tu: "Tabasamu, waheshimiwa!" Nao walitii, meno nje, mikono imeshikana, bendera mbili nyuma yao.

Picha hiyo hupigwa asubuhi, kabla ya mazungumzo kuanza. Jioni watu wameshatukanana kistaarabu, nani atataka kumshika mwenzake mkono? Basi hucheka kwanza, wakagombana baadaye.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nyanya. Serikali jirani ilifunga mpaka ikidai nyanya zetu zina dawa nyingi. Yetu ikalipiza kwa kuzuia mafuta yao ya kupikia. Na dada yake Tabasamu alikuwa mkulima wa nyanya. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemnunulia kamera ya kwanza. Picha ya mawaziri ilipoingia kwenye simu yake, dada alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

"Mdogo wangu ndiye kaipiga! Wameshikana mikono, mpaka umefunguka!"

Akachuma shamba zima, akakodi lori. Alipompigia mdogo wake, alikuwa keshafika kwenye kizuizi cha mpakani.

"Dada, ile ni ya kabla ya mazungumzo. Hawajakubaliana kitu."

"Ya kabla?" Dada akauliza. "Sasa mtu mzima anacheka na mwenzake hata hawajapatana, anachekea nini?"

Nyanya zikalainika juani, zikaanza kuchuruzika chini ya lori. Tabasamu alijichukia, na wale wenye meno akawachukia zaidi.

Msimu uliofuata serikali zikapatana, safari hii kweli. Sahihi zikawekwa, mpaka ufunguliwe kesho yake. Lakini waziri mgeni alikuwa anawahi ndege, hakungoja picha.

"Weka ile ya zamani," msemaji wa wizara akasema. "Mkono ni mkono."

"Mkuu, ile watu walishaiona," Tabasamu akasema.

"Nani anakumbuka picha ya mawaziri?"

Dada alikumbuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliikumbuka tai ya bluu, maua ya plastiki mezani, hata jino la mgeni lililopanda juu ya jenzake. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Dalali alikuwa amesimama papo hapo shambani na bei yake ya kutupa. Habari za mpaka alikuwa nazo, akazificha na kuhesabu pesa. Dada akamuuzia nyanya zote.

Tabasamu alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka dada akaitika.

"Dada, usiuze! Safari hii ni kweli, naapa!"

"Siku ile hukuapa, nikakuamini," dada akasema, wala hakuwa na hasira. "Leo ndiyo unaapa?"

Nyuma ya sauti yake lori la dalali lilikuwa linawashwa, liwahi mpakani.