Mwanangu Alikuwa Kiseke

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu baba yake alipomchukua. Aliniambia anampeleka Ukerewe akamsalimie bibi yake, watarudi baada ya wiki. Nilimvalisha gauni la njano, nikamfungia vitumbua vya njiani.

Wiki ilipopita nilipiga simu, haikupatikana. Nikavuka kwa kivuko mpaka Nansio, kule Ukerewe, nikakuta nyumba yao imefungwa. Majirani walisema bibi amehamia kwa mmoja wa wanawe, hawajui wapi. Niliporudi Mwanza nikaenda ofisi ya mtaa. Mzee niliyemkuta akaniuliza, "Si amechukuliwa na baba yake? Sasa kesi iko wapi?"

Sikuwa na cheti cha ndoa, na wazazi wangu walishanifukuza kwa ajili ya mwanamume huyo huyo.

Nikawa nauza chai na maandazi Mkolani, hapo hapo Mwanza. Kila mtoto wa kike aliyepita na sare za shule nilimlinganisha na wangu: sasa yuko darasa la kwanza, sasa yuko la tatu. Kuna asubuhi niligeuza uso kwenye jiko ili wateja wadhani ni moshi.

Mmoja wa wateja hao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mgane, mtu wa maneno machache. Siku aliyosema anataka kunioa, nilimwambia ukweli ili aondoke.

"Nina mtoto, na sijui kama yu hai. Utamwoa mtu anayelia akiona sare za shule."

Hakuondoka. Wala hakuniambia Mungu atajalia, kama walivyosema wengine. Aliuliza tu, "Ana alama gani?"

"Kovu la uji wa moto. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko."

Kwa miaka miwili alitembea na kovu hilo akilini kila alikokwenda kufunga nondo za madirisha. Halafu asubuhi moja akakaa pale bila kugusa chai yake.

"Juzi nilikuwa na kazi Kiseke," alisema. "Kuna binti pale anaishi na shangazi yake. Watu wa Ukerewe. Ana kovu mkono wa kushoto. Nimeogopa kukwambia. Nikikosea nitakuua."

Kiseke! Mji huu huu. Nilizima jiko hapo hapo, nikamwambia anipeleke.

Shangazi mtu alifungua geti, akanitazama, akaziba mdomo kwa mkono. Tuliwahi kuonana mara moja tu, lakini alinikumbuka. "Kaka yangu alituambia ulikufa," alisema. Kaka mwenyewe alikuwa amemwachia mtoto, akaenda machimboni Geita, na tangu hapo hajarudi.

Binti akatoka uani, mikono ina povu la sabuni. Kovu nililiona kabla ya uso. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Maneno yote niliyokuwa nimemwekea kwa miaka tisa yaliishia hapo.

Shangazi yake ndiye aliyemwambia mimi ni nani. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama yangu alikufa," akasema, kwa upole, kisha akarudi kuosha vyombo. Niliinuka nimfuate. Fundi akanishika bega.

"Mwache. Wewe ulikuwa unamtafuta. Yeye hakuwa anakutafuta."

Tukawa tunakwenda kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya tatu ndipo alipokaa karibu nami, akauliza bila kunitazama, "Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja mpaka Nansio."

"Mimi sikuwa Nansio."

Alikuwa anasema kweli. Nilishika pindo la kanga yangu, naye hakuondoka.

Mimi na fundi tulioana mwaka uliofuata. Binti alikuja na shangazi yake, akasimama nyuma kabisa ya kanisa. Siku hizi anakuja kwetu likizo. Kula anakula, kucheka anacheka zaidi na mume wangu kuliko na mimi, na hajawahi kuniita kwa jina lolote. Husubiri nimgeukie ndipo aseme.

Likizo iliyopita alishikwa na malaria. Mchana alilala sebuleni akitetemeka, nami nilikuwa uani naanika nguo. Nikasikia, "Mama."

Binti humwita shangazi yake mama. Kwa hiyo sijui alikuwa anamwita nani. Niliitika, nikaingia ndani na maji.