Makochi ya Kuchanika

Fundi makochi akiwa na kazi, nyumba ilikuwa na baba. Alijaza vimisumari mdomoni na kuvitema kimoja kimoja kwenye ncha ya nyundo, na mtu mwenye vimisumari mdomoni hafoki, labda awe tayari kumeza mtaji wake. Mikono nayo ilikuwa na shughuli. Bintiye, ambaye wateja walimbatiza Kisindano kwa wembamba wake na kwa ushonaji wake, alikaa kando akishona foronya za mito, moyo umetulia tuli.

Balaa lilikuwa kazi ikikosekana. Siku hizi watu wananunua seti mpya dukani, ikibonyea wanaitupa. Basi fundi alikaa mlangoni mikono mitupu, akitafuta kasoro. Chai ya moto mno. Chai imepoa. Mke kacheka, anamcheka nani? Mke kanuna, kanunia nini? Kaka yake Kisindano alishaondoka na mkono kwenye bandeji, akisema anakwenda kutafuta maisha, utadhani aliyadondosha barabarani. Kisindano mwenyewe sikio moja lilikuwa likivuma tangu kofi lile la chumvi kuzidi.

Kuna watu wa semina waliwahi kupita mtaani, fulana zao zimefanana. Wakaeleza mambo yanayochochea vijana kuumizwa majumbani: baba kukosa kazi, familia kubanana chumbani, mzazi aliyelelewa kwa kipigo, majirani kujitia uziwi. Fundi alikuwepo. Kila kichocheo kilipotajwa aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani. Walipofika kwenye pombe, akashusha pumzi.

"Mimi sinywi," alimwambia aliyekaa naye, akanyoosha mkono kuomba soda nyingine.

Kisindano alijaribu kukimbilia kwa shangazi yake. Shangazi akapandisha gauni, akaonyesha kovu la gotini kwa fahari kama medali.

"Babu yako alitutandika mimi na baba yako mpaka mti wa uani ukaisha fimbo, ukabaki kigogo. Si unaona tumekuwa watu?"

Upepo ukabamiza mlango. Shangazi akaruka, chai yote ikamwagikia mapajani. Kisindano akamfutia, akaaga, akarudi kwao.

Ndipo alipopata wazo ambalo ni mtoto wa fundi makochi tu angelipata: kazi isipokuja, itengenezwe. Akaficha nusu wembe kwenye pindo la sketi, akaanza kutembelea watu. Anakaribishwa, anakaa, anauliza hali za watoto, huku vidole viko chini ya kiti vinafumua mshono. Kochi la kinyozi wa kona, wanakokaa wateja wakisubiri zamu, ndilo lilitangulia kutoa sponji nje kama ulimi wa mbwa. Fundi akaitwa. Nyumba ikapata hewa. Lile lilipokwisha, Kisindano akaenda kumjulia hali mama mwenye nyumba waliyopanga.

Mama mwenye nyumba alilifuata kochi lake nyuma nyuma hadi kibarazani kwa fundi, wabebaji wakihema, yeye akilalamika.

"Fundi, kochi langu halikaliwi na mtu ila wageni! Limechanikaje?"

Fundi akalipindua. Akatoa mito, akampa mkewe aiweke ndani. Akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia tena. Kisha akatema vimisumari vyote kiganjani.

"Uzi huu haujachanika. Umefumuliwa, tundu moja unakatwa, moja unarukwa, ili kitambaa kisiumie. Anayefumua hivi nimemfundisha mimi." Akageuka. "Kisindano. Njoo, mwanangu."

Alipomwita mwanangu, mama yake aliyesimama mlangoni akafumba macho.

Kisindano angeweza kukana. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa palepale, mikono kiunoni, na shahidi kama huyo hapatikani kila siku.

"Ni mimi, baba. Hata la kinyozi ni mimi. Ukiwa na kazi hutupigi."

Mama mwenye nyumba akafungua mdomo kutetea kochi lake. Akaufunga. Ukuta wake na wa fundi ulikuwa mmoja. Hakuna alichoambiwa hapo ambacho hakuwa amekisikia, ila hakuwahi kuambiwa akitazamwa usoni.

"Halitengenezwi tena," akasema. "Nalirudisha kwangu. We mtoto, shika upande ule."

"Mama, liache, nalimaliza leo leo," fundi akasema, na tabasamu lake la wateja.

"Nimesema nalirudisha."

Wakalibeba wawili, wakigongana magoti. Walipolitua sebuleni, mama mwenye nyumba akafunga kitasa.

"Utanisaidia usafi."

"Usafi gani? Mbona kwako kunang'aa?"

"Usafi ambao hauishi leo wala kesho. Kaa."

Kisindano hakukaa. "Na mama?"

Hilo mama mwenye nyumba hakuwa amelifikiria. Akaenda dirishani, akapaza sauti ya ubosi.

"Mke wa fundi! Mito ya kochi langu imebaki huko! Niletee mwenyewe, sasa hivi!"

Mama yake Kisindano akatokea kibarazani, mito ameikumbatia kifuani. Akatazama dirishani. Akashuka ngazi moja. Nyuma yake fundi akasema neno, kwa upole, wasilisikie.

"Nitaileta kesho, mama mwenye nyumba," akaitikia.

Akarudi ndani na mito ile, akavuta mlango.